Namba Fiche ya Mara Moja: Tatizo la Istilahi katika Saini ya Dijitali



Mwundaji wa istilahi hana budi kuuliza kwanza kitu chenyewe kina kazi gani. Katika saini ya dijitali ya mikunjo ya duaradufu, kila waraka unaposainiwa huteuliwa namba mpya ya siri, nayo huingizwa katika mlinganyo mmoja pamoja na ufunguo wa siri wa msainiji. Mlinganyo mmoja wenye visivyojulikana viwili hautatuliki. Namba hiyo ikitumiwa tena kwa waraka mwingine, milinganyo huwa miwili, na kwa kutoa na kugawanya tu ufunguo hupatikana. Ndivyo ilivyodhihirishwa mjini Berlin, Desemba 2010: saini za programu za PlayStation 3 zilitumia namba ileile daima.

Tuiiteje basi? Wapo watakaopendelea “namba nasibu”. Sikubaliani nao. Tangu 2013 upo utaratibu wa RFC 6979 usiotegemea nasibu yoyote: namba huzalishwa kutokana na ufunguo wenyewe na muhtasari wa waraka. “Namba ya mara moja” nayo, ingawa ni tamu masikioni, imepungua. Mwaka 2024 iligunduliwa kwamba programu ya PuTTY, kwa funguo za biti 521, iliteua namba ambazo biti 9 za mwanzo zilikuwa sifuri daima. Hazikurudiwa, hata hivyo, saini zipatazo 60 zilitosha kuufichua ufunguo.

Napendekeza “namba fiche ya mara moja”, na kamusi ieleze kwamba kinachofichwa ni kila biti yake.