Huanza kwa Jina

Maneno ya mwalimu wa darasa la watoto kwenye sherehe ya Uhuru, Ibra

Karibuni Ibra nyote mliotoka Sur na Nizwa.

Leo ni tarehe 9 Disemba. Sote tunajua kuwa siku kama ya leo, mwaka 1961, Tanganyika ilipata uhuru. Tarehe hii hii, mwaka 1948, Umoja wa Mataifa ulipitisha mkataba wa kuzuia na kuadhibu mauaji ya kimbari, yaani kuua watu kwa nia ya kuwamaliza kwa sababu ya taifa, kabila, rangi au dini yao. Nimeomba nizungumze na watoto juu ya jambo hilo, wazazi wakisikia.

Wanangu, mauaji haya huanza kwa jina la kejeli. Ujerumani, Wayahudi walifananishwa na panya. Mwaka 1938 watoto wao wakafukuzwa skuli za serikali. Hadi vita vinamalizika mwaka 1945, Wayahudi milioni 6 walikuwa wameshauawa. Rwanda, Watutsi waliitwa mende redioni, na mwaka 1994 wakauawa mamia ya maelfu kwa muda wa siku 100 hivi. Maiti zilielea Mto Kagera hadi Ziwa Victoria. Mwaka 2003, kwetu Arusha, mahakama ya kimataifa iliwatia hatiani watu wa redio na gazeti waliochochea.

Na Zanzibar je? Zama za siasa, majirani waligomeana maduka, hata maziko. Juni 1961, katika ghasia za uchaguzi, waliuawa watu 68, wengi wao Wamanga, watu waliotoka huku Oman kutafuta riziki. Januari 1964 wakauawa wengi zaidi. Wajukuu wa waliokimbia ni majirani zetu hapa, na Kiswahili chao ndicho chetu.

Mtoto akiuliza, mzazi usimwambie "hayo yamepita". Mweleze yote mawili: utumwa ulikuwepo na uliumiza watu, na muuza duka aliyeuawa mwaka 1961 hakuwa amemuuza mtu. Dini yetu inafundisha kuwa mtu habebi dhambi ya mwenzake.

Kipimo hicho tukitumie kwa wote. Wapo watoto wetu wanaoitwa "khadim" skuli, wakarudi nyumbani wanalia. Wapo pia wanaomtukana mwenzao kwa kumwita "Yahudi we". Yanayotokea Gaza yanatutoa machozi, na ni haki kuyalaani. Lakini wa kulaumiwa ni aliyetenda na aliyeamrisha. Myahudi mwengine, popote alipo, hana kesi kwa sababu ya dini yake. Mtume (S.A.W.) alisimama lilipopita jeneza, na alipoambiwa ni la Myahudi, akauliza kwani huyo naye si nafsi.

Naomba mambo mawili. Watoto, ukiletewa kwenye simu neno linalomfanya mtu mdudu au mnyama, lifie kwako, usimrushie mwengine. Wazazi, wazee walioyaona ya 1964 wanatutoka mmoja mmoja. Wakalisheni na wajukuu, wasimulie bila chumvi, wa upande huu na wa upande ule.

Nakutakieni sikukuu njema ya Uhuru.