HABARI ZA HATARI YA DAWA ZIMFIKIE ANAYETOA DAWA
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Obunga, Kisumu)



Twawashukuru kwa kuja, hasa ninyi mliotoka zamu ya usiku na hamjalala. Leo hatukuja kusema habari za mshahara, ingawa hatujazisahau. Twataka kusema juu ya chombo kimoja cha kazi ambacho hakimo katika orodha ya vyombo: habari za usalama wa dawa. Mfanya kazi wa hospitali akikosa glavu, kila mtu aona. Akikosa habari kwamba dawa fulani ina hatari, hakuna aonaye mpaka mgonjwa adhurike. Hapo ndipo huulizwa, "Nani alitoa dawa hii?"

Tuchukue mfano wa hapa hapa. Kando ya Ziwa letu malaria ni nyingi, na Kisumu ni moja ya kaunti zenye watu wengi wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Mama mja mzito hupewa SP klinikani ili kumkinga na malaria. Lakini mama anayemeza Septrin kila siku kwa sababu ya virusi hafai kupewa SP. Dawa zote mbili zina salfa, na zikiwa pamoja zaweza kumletea madhara makali, hata ngozi kuchubuka. Habari yenyewe ni ya mstari mmoja. Anayeihitaji ni sista aliyekaa mbele ya mama huyo, wala si yule anayetunza majalada ofisini. Tena mama wa Obunga anayekaanga mgongo wazi tangu alfajiri hadi usiku hana nafasi ya kuambiwa, "Rudi kesho, tutakuulizia."

Mfano wa pili ni dolutegravir, dawa ya virusi ambayo wengi wetu twaitoa kila siku. Mwezi wa Mei 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo. Huko Botswana, katika wanawake 426 waliokuwa wakiimeza waliposhika mimba, watoto 4 walizaliwa na kasoro ya ubongo au uti wa mgongo. Nchi nyingi zikawazuia wanawake wenye umri wa kuzaa wasipewe dawa hiyo, na hapa Kenya wengi waliwekwa kando. Mwezi wa Julai mwaka ule ule wanawake wa Afrika wanaoishi na virusi walikutana Kigali, wakasema wapewe habari kamili na wachague wenyewe. Hesabu ilipoendelea ikawa watoto 5 katika wanawake 1,683, yaani hatari ilikuwa ndogo kuliko ilivyodhaniwa. Mwezi wa Julai 2019 Shirika likasema dawa hiyo yafaa kwa wote, pamoja na wanawake.

Ndugu, tazameni jambo hili vizuri. Onyo huenda mbio, lakini sahihisho hutembea kwa miguu. Ikiwa karatasi ya 2018 na ya 2019 zimebandikwa ukuta mmoja bila tarehe, mfanya kazi afuate ipi? Akifuata ya zamani, mama ananyimwa dawa nzuri. Akifuata mpya bila kuwa na uhakika, aogopa kulaumiwa.

Kwa hiyo, tukiulizwa twapenda kupokea habari hizi namna gani, jibu letu ni hili:

1. Zije kwa njia mbili, simu na karatasi. Simu ina haraka, lakini si kila mmoja ana fedha za kununua data, na ujumbe wa WhatsApp usio na jina la mwenye kuutuma ni uvumi tu. Karatasi ibaki ukutani penye kaunta ya dawa.

2. Ziwe fupi, ukurasa mmoja. Zianze na la kufanya: acha dawa gani, kwa mgonjwa yupi, umpe nini badala yake. Maelezo marefu yafuate nyuma kwa mwenye nafasi ya kuyasoma.

3. Zionyeshe mtumaji, tarehe, na waraka upi wa zamani umefutwa.

4. Zisomwe kwa sauti wakati wa kupokezana zamu, kwa juma zima, ili zamu zote zisikie. Wahudumu wa afya ya jamii wanaozunguka nyumba kwa nyumba wasiachwe nje.

5. Zitujie sisi wenyewe. Huko Ulaya iko desturi ya barua inayotumwa moja kwa moja kwa madaktari na wafamasia, kampuni ikiituma kwa kupatana na mamlaka ya dawa. Hapa kwetu tumeona waraka ukilala katika droo ya mkubwa mpaka wino ukafifia.

Lakini habari si za kushuka tu, zapanda pia. Tangu 2009 Kenya ina mpango wa kuangalia madhara ya dawa chini ya Bodi ya Madawa na Sumu, na mwaka 2010 nchi yetu ilijiunga na mpango wa Shirika la Afya Duniani wa kazi hiyo. Fomu ya manjano ni ya madhara, na fomu ya waridi ni ya dawa iliyo mbovu. Wengi wetu hatuzijazi kwa kuwa twaogopa. Someni maandishi ya fomu ya manjano: kuipeleka si kukiri kwamba wewe au dawa ndiyo sababu ya madhara. Basi tuzijaze. Nao wanaozipokea watujibu, hata kwa mistari miwili, kwa maana mtu aandikaye mara tatu bila jibu hataandika mara ya nne.

Ndugu, twaleta shauri moja mbele yenu. Kila zahanati na kila wadi iwe na kitabu cha nyaraka za dawa. Waraka ukifika uandikwe humo kwa tarehe, na kila aliyeusoma atie sahihi. Asiyepewa waraka asiadhibiwe kwa kutoujua. Na aliyetia sahihi asije akasema hakusikia. Hiyo ni haki kwa mwajiri na kwa mfanya kazi, lakini zaidi ni haki kwa mgonjwa, ambaye hana njia ya kujua yaliyoandikwa ila kwa vinywa vyetu.

Wanaokubali wainue mikono, ili viongozi wapeleke shauri hili kwa waajiri likiwa neno la wanachama wote.

Umoja wetu ndio nguvu yetu.