Mgeni Aliingia kwa Mlango Gani?

Mada iliyotolewa katika semina ya Haki na Amani kwa viongozi wa walei wa Kilosa na Mikumi



Tumeombwa tuzungumze juu ya watu wanaohamia katika vijiji vyetu na hali ya maisha yao. Liko swali moja ambalo tumelisikia mara nyingi, mnadani, barazani na hata katika vikao vya halmashauri ya walei: Kwa nini wahamiaji hawa wameendelea, na wale, waliohamia vilevile, wamebaki nyuma? Jibu huja upesi kabla swali halijakwisha. Hawa wana bidii, wale ni wavivu. Hawa ni wapole, wale ni wakorofi. Ndivyo walivyozaliwa.

Leo tungependa kulipima jibu hilo kwa historia na kwa mwanga wa Injili. Sisi tunaamini kwamba si la kweli, na kwamba limekwisha kutugharimu roho za watu.

1. Nani asiye mgeni?

Wenyeji wa kale wa wilaya hii wanajulikana: Wasagara, Wakaguru na Wavidunda. Wengi wetu tulioketi humu tulikuja baadaye, au babu zetu walikuja. Reli ya Kati ilipofika Kilosa mwanzoni mwa karne ya 20, ilileta watu wa kila upande. Mikumi nayo ilikuzwa na reli ya tawi iendayo Kidatu, na barabara kuu ya kwenda Iringa, na Hifadhi ya Taifa iliyoanzishwa mwaka 1964. Kwa hiyo tunapomnyoshea kidole mgeni, inafaa kwanza tuulize babu yetu alishuka katika kituo gani cha reli.

Katika wilaya yetu yako makundi mawili ya wahamiaji ambayo hulinganishwa sana. Tuyatazame moja baada ya jingine.

2. Watoto wa mkonge

Mkonge uliingizwa nchini mwaka 1893, wakati wa Wajerumani. Mashamba makubwa yalihitaji mikono mingi, na wenyeji waliokuwa na mashamba yao hawakupenda kazi ile. Hivyo vibarua walitafutwa mbali: Songea, Ubena, Uha, Msumbiji, Rwanda na Burundi. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda chombo maalumu cha kuwaandikisha na kuwasafirisha, kilichojulikana kwa jina la SILABU. Watu hao waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alitambuliwa kwa namba yake. Alipewa kipande chenye siku 30 za kazi, na mshahara ulitoka siku hizo zilipotimia.

Mlango walioingilia ni huo: kazi. Nyumba ilikuwa ya shamba, bustani ilikuwa ya shamba, hata kuni zilitoka katika shamba. Mtu aliweza kukaa miaka 30 pasipo kumiliki mahali pa kupanda mwembe.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nchi yetu ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka, na hakuna nchi iliyotuzidi. Kisha kamba za plastiki zikaingia sokoni, bei ikaanguka, na mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji haukufika tani 30,000. Kazi ikaisha, watu wakabaki. Kazi ndiyo iliyokuwa haki yao pekee ya kuishi pale, na ilipoondoka hawakubaki na haki yoyote.

Hapa hatuna budi kuungama kosa letu wenyewe. Mwaka mmoja, tukiwa katika parokia iliyozungukwa na mashamba ya mkonge, tulisoma orodha ya zaka mbele ya waumini, jumuiya baada ya jumuiya. Jumuiya ya kambini ilikuwa ya mwisho. Tulitoa maneno ya kuwahimiza, ambayo kwa kweli yalikuwa ya kuwaaibisha. Baada ya Misa mama mmoja alitufuata sakristia. Alisema kwa upole, "Baba Padri, umetusomea fedha, mbona hukutusomea mashamba? Sisi tunalima kwa kukodi. Gunia likijaa, nusu ni ya mwenye shamba." Hatukuwa na la kumjibu. Tulikuwa tumeilinganisha sadaka ya mtu mwenye ekari nane na ya mtu asiye na hata hatua moja ya ardhi, tukaiita tofauti ile upungufu wa imani.

3. Watu wa ng'ombe

Kundi la pili ni wafugaji. Waparakuyo, ambao majirani huwaita Wakwavi, walikuwa katika mbuga za Kilosa tangu zamani, muda mrefu kabla ya Uhuru. Baadaye wakaja Wamasai wengine, Wabarabaigi na Wasukuma. Kwa nini walikuja? Wengi waliondolewa walikokuwa. Kuanzia miaka ya 1970, huko Basotu wilayani Hanang, Wabarabaigi walipoteza malisho yao bora kwa mashamba makubwa ya ngano ya shirika la umma. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji waliondolewa katika bonde la Usangu na Ihefu ili kulinda maji ya Ruaha Mkuu. Ng'ombe hawezi kuambiwa asubiri mpaka mkutano uishe. Anayefukuzwa na mifugo yake hufika mahali usiku, na asubuhi tayari ana ugomvi.

Mlango wao ulikuwa mifugo. Walikuja na mali iliyo hai, pasipo mahali pa kuiweka. Mkulima akiona ng'ombe 100 wakipita, humwona tajiri. Haoni kwamba utajiri huo unaweza kwisha kwa kiangazi kimoja, kwa ugonjwa mmoja, au kwa faini. Haoni pia watoto wanaokaa mbali na shule, wala kwamba katika halmashauri nyingi za vijiji mfugaji hana wa kumsemea.

Sasa tuyalinganishe makundi haya mawili kwa haki. Tukipima kwa fedha, mfugaji ametangulia. Tukipima kwa shule na kwa kukaa karibu na zahanati, mjukuu wa manamba ametangulia. Tukipima kwa ardhi iliyo salama, mara nyingi wote wawili hawana. Hivyo yeyote anayesema kundi hili limefaulu na lile limeshindwa amechagua kipimo kimoja na kuvificha vingine.

Na mkulima mwenyeji naye tusimsahau. Mahindi yake yakiliwa usiku mmoja, amepoteza chakula cha mwaka. Machozi yake ni ya kweli. Haki haimtaki anyamaze; inataka fidia ilipwe, na ilipwe kwa utaratibu.

Tulipokosa utaratibu huo tuliona matokeo yake. Mwezi Desemba mwaka 2000, pale Rudewa Mbuyuni, watu 38 waliuawa, wakiwamo wanawake na watoto. Damu ilimwagika tena wilayani mwaka 2008. Wapendwa, waliouawa na waliowaua walikuwa wamefundishwa jambo moja: kwamba wale wengine ndivyo walivyo.

4. Ndugu wa taifa moja, milango miwili

Huenda mmoja wenu atasema: "Baba, lakini mila zinatofautiana." Ni kweli, zinatofautiana. Basi tutazame watu wa mila moja, lugha moja na nchi moja, walioingia Tanzania mara mbili.

Mwaka 1972 mauaji makubwa yalitokea Burundi, na makumi ya maelfu ya watu wakakimbilia kwetu. Serikali iliwapeleka katika makazi ya Ulyankulu, Tabora, na Katumba na Mishamo, ambayo leo yako mkoani Katavi. Palikuwa pori lenye mbung'o. Walipewa mashamba, mbegu na majembe, wakajengewa shule na zahanati, na makanisa yalisaidia. Baada ya miaka kadhaa walijitosheleza kwa chakula, wakauza mahindi, maharage na tumbaku, wakalipa kodi. Mwaka 1983 Mwalimu Nyerere alipewa Nishani ya Nansen ya Umoja wa Mataifa kwa ajili ya ukarimu kwa wakimbizi. Mwaka 2014 watu wapatao 162,000 kati ya wale na watoto wao walithibitishwa kuwa raia wa Tanzania. Tusipambe mambo: kwa miaka mingi walihitaji kibali ili watoke nje ya makazi, na uraia wao ulicheleweshwa kwa masharti ya kuhama. Lakini walilima, wakasomesha, wakazika wazee wao katika ardhi waliyoijua.

Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa, na Warundi wengine wakakimbia. Hawa walikuta mlango mwingine. Waliwekwa kambini, wakazuiwa kwenda mbali zaidi ya kilometa 4, wakaishi kwa mgawo wa chakula cha msaada. Kambi ya Mtabila ilifungwa mwaka 2012, na waliokuwamo wakarudishwa. Watu wengi waliopita karibu na kambi za Kigoma walisema, "Hawa ni wategemezi, hawapendi kazi." Je, waliomlisha mnunuzi wa mahindi wa Mpanda hawakuwa ndugu zao wa damu? Mikono ilikuwa ileile. Waliotangulia walipewa jembe, waliofuata walipewa foleni.

5. Hata ng'ambo ni hivyo

Jambo hili si la Afrika peke yake. Mwezi Agosti 1991 meli iitwayo Vlora ilifika Bari, Italia, ikiwa imebeba Waalbania wapatao 20,000, na wengi wao walirudishwa kwao. Wengine wengi walivuka milima kuingia Ugiriki, wakafanya kazi za mashamba na ujenzi bila karatasi, mpaka Ugiriki ilipoanza kuwaandikisha mwaka 1998. Hawa walikuwa na kazi kabla ya kuwa na haki.

Wabhutan wenye asili ya Kinepali walipata kinyume chake. Zaidi ya 100,000 waliondoka Bhutan kuanzia miaka ya 1990, wakakaa miaka mingi katika kambi za Nepal. Kuanzia mwaka 2007 walianza kuhamishiwa nchi nyingine, wengi wao Marekani, na walifika wakiwa na karatasi halali tangu siku ya kwanza. Hata hivyo wazee wengi hawakuijua lugha, walikuwa wamekaa bila kazi kwa muda mrefu, na jamii yao iliguswa na huzuni kubwa hata watu kadhaa wakajiua. Karatasi peke yake haitoshi.

Mtu akiwalinganisha watu hawa kwa mshahara tu, atatoa hukumu mbaya. Lazima aulize mambo manne: Walipewa ardhi au kazi? Walitambuliwa kisheria? Watoto wao walifika shuleni na wazee wakajifunza lugha? Wamepewa muda gani? Maswali hayo manne yanafaa Ulaya na Marekani, na yanafaa Kimamba, Rudewa na Mikumi.

6. Tufanye nini?

Musa aliwakumbusha Waisraeli wampende mgeni kwa sababu wao wenyewe walikuwa wageni Misri (Kumb. 10:19). Ruthu Mmoabu alikuja Bethlehemu mikono mitupu. Sheria ya masazo ya mavuno ilimfungulia shamba, na katika uzao wake akazaliwa Daudi. Bwana wetu atatuuliza kama tulimkaribisha alipokuwa mgeni (Mt. 25:35). Hatatuuliza alikuwa wa kabila gani.

Kwa hiyo tunapendekeza haya:

Kwanza, kila Jumuiya ijue majina ya kaya zilizohamia eneo lake, walikotoka na sababu ya kuja. Tusimhukumu mtu kabla ya kujua mlango alioingilia.

Pili, tuhudhurie Mkutano Mkuu wa kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaupa mkutano huo nguvu juu ya ugawaji wa ardhi. Tudai mpango wa matumizi ya ardhi wenye mashamba, malisho, mapito ya mifugo na mahali pa maji, na wafugaji wakae mezani unapoandaliwa. Pale ambapo hati za mashamba yaliyotelekezwa zimefutwa, tuulize kwa sauti kama wajukuu wa manamba wamo katika orodha ya watakaogawiwa.

Tatu, Baraza la Ardhi la kijiji lina wajumbe saba, na sheria inataka watatu wawe wanawake. Tuwachague watu wasionunulika. Mfugaji aliyelisha shamba la mwenzake alipe. Mkulima aliyelima ndani ya mapito ya ng'ombe aondoke. Asiwepo wa kujichukulia sheria mkononi.

Nne, sisi mapadri na makatekista tuache kusoma hesabu zinazowaaibisha maskini. Tangu siku ile ya sakristia hatujasoma tena orodha ya zaka kwa namna ile, na hatutasoma.

Maswali ya kujadiliana katika Jumuiya

1. Babu au bibi yako alifikaje mahali hapa, na nani alimpokea?
2. Katika kijiji chetu, ni kundi gani tunaloliita la wavivu au la wakorofi? Lilipewa nini lilipofika?
3. Ni nani asiye na msemaji katika halmashauri ya kijiji chetu? Tutafanya nini kabla ya mkutano ujao?

Mungu awabariki. Amani ya Bwana ikae nanyi.