Talanta ni Amana

Somo: Mathayo 25:14–30



Leo na tulitazame neno moja la Kiingereza ambalo watoto wetu hulisikia shuleni: "talent". Kijana akiimba vizuri, au akicheza mpira kwa ustadi, watu husema ana "talent". Sisi twaita kipaji. Lakini neno hilo halikuanza kwa maana hiyo.

Kwa Wayunani wa kale, "talanton" ilikuwa mizani. Kisha likawa jina la uzito, na la fedha yenye uzito huo. Kutoka Kiyunani liliingia Kilatini, halafu Kiingereza. Katika karne ya 15 Waingereza walianza kulitumia kwa maana ya kipaji, na sababu yake ni mfano huu wa Bwana Yesu.

Lakini angalieni mstari wa 15. Bwana yule aligawa talanta akiutazama uwezo wa kila mtumwa. Basi uwezo ni kitu kimoja, na talanta ni kingine. Talanta haikuwa sifa ya mtumwa. Ilikuwa mali ya bwana wake, amana mkononi mwake.

Wala haikuwa kitu kidogo. Talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000, na dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku, kama tuonavyo katika Mathayo 20. Ilimpasa kibarua kufanya kazi karibu miaka 20 ili aipate. Hiyo ndiyo mali aliyoifukia yule aliyepewa moja!

Ndugu yangu, huenda wasema, "Mimi sijui kuhubiri, sijui kuimba, sina talanta." Je, huna jirani mgonjwa wa kumtembelea? Huna mtoto wa kumfundisha kuomba? Hukupewa siku ya leo? Hiyo ni mali ya Bwana, nayo ni nzito. Nawe uliyejaliwa mengi, usijivune, si yako.

Mwenye talanta mbili alipata sifa ile ile aliyopata mwenye tano. Yule wa tatu hakulaumiwa kwa kukosa tano. Alilaumiwa kwa ile moja aliyoificha kwa hofu.

Na tuombe. Ee Baba, utuondolee hofu na majivuno. Utusaidie kufukua tulichokificha, tukitumie kwa ajili yako kabla hujarudi kufanya hesabu. Kwa jina la Yesu, Amina.