Mchokoo Unaokakamaa: Kuchungulia Ndani ya Kuta za Mji Mkongwe



Nianze na tundu. Bahari ikitoka kule Jambiani, kina mama huenda mwambani kutafuta pweza, mkononi wana mchokoo, kijiti cha kuchokolea matundu. Mama akiliona tundu huingiza ncha taratibu, na kabla jicho halijaona kitu mkono umeshajua: hili jiwe, huu mchanga, huyu ndiye mwenyewe. Nimefundisha uhandisi wa mitambo miaka mingi, na vifaa vingi vya ukaguzi nilivyovishika havina uaminifu wa kijiti kile. Kasoro yake ni moja. Kimenyooka, na tundu likikata kona ndiyo basi.

Nami natafuta mchokoo wa kupita kona ndani ya kuta za Mji Mkongwe huu wa Unguja. Mji umejengwa kwa matumbawe, chokaa na udongo, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Kwa kuwa boriti ya kawaida haivuki sana mita 3, vyumba vyetu vimekuwa virefu na vyembamba. Ncha za boriti zimezikwa ukutani. Paa likivuja, maji hujikusanya humo, na mti huanza kuozea pale pale usipoonekana, huku katikati ya chumba boriti inang'aa kwa rangi mpya. Tukaongeza na saruji juu ya chokaa, tukauziba pumzi ukuta uliozoea kukauka wenyewe. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Sayyid Barghash mwaka 1883, iliporomoka ikiwa katika ukarabati, na watu wawili wakafariki. Sikuja kugawa lawama. Jengo haliangushwi na sababu moja. Ila tangu siku ile sipiti mbele yake, Forodhani, bila kujiuliza ukuta gani mwingine unatuficha jambo.

Fundi leo ana njia mbili: agonge kwa nyundo na kusikiliza, au abomoe aone. Ya pili katika mji ulio kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000 ni kumuua mgonjwa ili tumpime. Nikasema nitapitisha kamera kwenye ncha ya waya. Katika nyumba moja ya mtaa wa Malindi tulitoboa tundu dogo chini ya boriti. Waya laini ulijikunjakunja mlangoni kama tambi. Waya mgumu ulienda moja kwa moja hadi jiwe la kwanza, ukagoma. Wa kadiri ulipita kona mbili, nikafurahi, nikausukuma zaidi. Umo humo mpaka leo, na mwenye nyumba kila tukionana huniuliza kama nitalipa kodi.

Chukueni uchelewa mmoja wa ufagio, muusukume ukutani kwa ncha. Mfupi hustahimili, mrefu hupinda upande. Leonhard Euler alishaonyesha katika karne ya 18 kwamba urefu ukizidi mara mbili, nguvu ya kuupinda hivyo hushuka hadi robo. Ndiyo maana mchokoo mrefu unataka kukakamaa. Lakini ukishakakamaa haupiti kona. Na hapa naomba tuyatenge maneno mawili. Ugumu ni wa jiwe: haukwaruziki upesi. Ninachokihangaikia mimi ni ukakamavu, yaani kukataa kupinda. Wengi hudhani kazi ya mbunifu ni kuchagua ukakamavu wa kadiri. Ule waya wangu wa Malindi ulikuwa wa kadiri. Kazi ni kuuwezesha ubadilike ungali humo ndani, sehemu kwa sehemu, kwa amri ya mkono.

Jongoo bahari anafanya hivyo kila siku. Ukimwokota ni laini. Ukimbughudhi anakakamaa, akiachwa analegea. Siri iko katika ngozi: nyuzi zake hushikana au huachiana kwa kemikali anazozitoa mwenyewe. Mwaka 2008 watafiti wa Cleveland, Marekani, walitangaza maada waliyoiiga kutoka kwake, kavu ikiwa imekakamaa na ikilowa inalainika. Kazi nzuri mno, lakini kuta zetu ndizo zenye unyevu, na kifaa kinacholegea kikilowa kitatusaliti pale pale tunapokihitaji.

Wengine hutumia metali inayoyeyuka kwa joto dogo. Galiamu huyeyuka kwenye nyuzi 29.8 za Selsiasi. Mwezi wa Februari mchana, hapa Unguja, kifaa hicho kitayeyuka kikiwa mezani, hata hakijaonyeshwa ukuta. Ziko aloi za nyuzi 60 na kitu, ila ndani ya tundu lisilo na upepo utasubiri zipoe mpaka kuadhiniwe.

Mimi nimeelemea kwenye daftari. Hili hapa. Nikilipinda linapindika, kwa sababu kila ukurasa unateleza juu ya mwenzake. Tazameni kingo zake zilivyokaa mshazari. Nikilibana kwa nguvu kurasa zisiteleze, limekuwa ubao. Kwa hesabu, tabaka 10 zilizoshikamana hukakamaa mara 100 kuliko zikiwa huru, na tabaka 20 mara 400. Basi tunazifunga karatasi za plastiki ndani ya mfuko wa mpira na kuifyonza hewa. Anga yenyewe ndiyo inayobana, karibu kilo moja kwa kila sentimita ya mraba, bila umeme kuingia ukutani. Na ndiyo kikomo chake: zaidi ya hapo anga haina, na mzigo ukizidi tabaka huanza kuteleza. Mpira ukitoboka kwa ncha ya tumbawe, tumerudi kwenye daftari.

Kuna jambo la mwendo pia. Mkwezi wa minazi hushika kwa mikono akavuta miguu, kisha hushika kwa miguu akapandisha mikono. Howie Choset na wenzake wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walitengeneza kifaa cha upasuaji cha mtindo huo: mirija miwili, mmoja ndani ya mwingine. Wa nje ukikakamaa, wa ndani husonga ukiwa laini, kisha hubadilishana. Ila kamba za kukiongoza hulipa ushuru kila kona. Kwa msuguano wa 0.3, kona moja ya nyuzi 90 huzidisha mvuto mara 1.6, kona tatu, mara 4. Kinachonisumbua si nguvu hiyo, maana mota itaitoa. Kinachonisumbua ni kwamba msuguano ule ule unaumeza ujumbe unaorudi mkononi, na mkono ndio uliokuwa na akili. 

Kwa hiyo tunajenga kishikio kisicho na mota. Pale mlangoni kuna mchokoo wetu na sanduku la matumbawe na chokaa lenye kona tatu, na mwisho wake vipande viwili vya mkoko, kizima na kilichooza. Skrini ya kamera tumeifunika kwa kanga. Jana tulimleta mama mmoja wa Jambiani ajaribu. Alivitambua vyote viwili mara ya kwanza, akauliza kwa nini tumeweka kamera. Wanafunzi wangu wawili walikosea. Mkitoka, jaribuni, lakini msisukume kwa nguvu. Huo ndio mchokoo uliobaki.