Picha na Lugha: Nafasi ya Video katika Kuwafundisha Wageni Kiswahili



Kwa muda mrefu mgeni aliyejifunza Kiswahili katika vyuo vya Ulaya na Marekani alikijua kwa kitabu na kwa kanda. Taasisi ya Marekani inayowafunza wanadiplomasia lugha ilipochapisha kozi yake ya msingi ya Kiswahili mwaka 1963, maabara ya lugha ilikuwa chumba cha sauti tu. Picha zilikuwa adimu hata huku nyumbani: Zanzibar ilipata televisheni mwaka 1973, ilhali Tanzania Bara ilisubiri hadi 1994. Uhaba huo umekwisha. Simu ya mkononi hurekodi mazungumzo ya sokoni, na mwanafunzi aliyeko Leipzig huyaona siku hiyohiyo. Hata hivyo, aghalabu video hufanywa kanda ya sauti yenye mapambo: wanafunzi hutazama, hujibu maswali ya ufahamu, kisha taa huwashwa.

Kinachopotea hapo ni ile sehemu ya lugha isiyoandikika. Kitabu hueleza kwamba mdogo humwamkia mkubwa “shikamoo”, naye hujibu “marahaba”. Ni sahihi, lakini hakionyeshi mwili unavyoinama kidogo, wala mkono wa kushoto unavyoushika ule wa kulia unaotolewa, wala goti lipigwalo katika baadhi ya jamii. Mgeni atamkaye “shikamoo” mikono ikiwa mifukoni hana kosa la sarufi. Mzee, lakini, amekwisha kuudhika. Ndivyo ilivyo kwa “hodi”: neno ni moja, ila ujuzi wake umo katika mahali pa kusimama, muda wa kungoja na idadi ya kurudia.

Kwa kazi hiyo, kipande cha dakika mbili chatosha. Kioneshwe kwanza bila sauti, wanafunzi wakisie nani mkubwa, nani mwenyeji, nani anadaiwa. Ndipo sauti ifunguliwe. Tafsiri ya Kiingereza isipitishwe chini ya picha, kwani jicho hukimbilia lugha linayoijua. Maandishi ya Kiswahili yana faida, lakini katika utazamaji wa pili.

Uteuzi wa filamu una mgogoro wake. *Arusi ya Mariamu* ya mwaka 1985 ina dakika 36, hivyo huenea katika kipindi kimoja. Filamu nyingi za Bongo zilizofuata ni ndefu, na wahusika wake huchanganya Kiingereza. Baadhi ya walimu huzikataa kwa kuwa si Kiswahili sanifu. Hoja hiyo ni dhaifu. Mgeni atakayeshuka Kariakoo hatapokewa na msomaji wa taarifa ya habari.

Kikwazo kikubwa zaidi ni mtihani. Maadamu unapima ngeli na insha pekee, mwanafunzi ataichukulia video kuwa burudani ya Ijumaa. Mtahini na akae ndani, mlango ufungwe, na alama zianze kuhesabiwa pale mtahiniwa anapopiga hodi.