Mutupime kwa kazi yenyewe



Leo hatukukusanyika juu ya barabara wala juu ya usalama. Hayo tunayasema kila siku na hatutachoka. Leo tunaongea juu ya kazi moja tu: kuandika programu za kompyuta. Tuko na vijana hapa wanaoiweza. Wamejifunza usiku kwa simu, na kwa mashini moja inayopita mikononi mwa watu wane. Lakini wakienda kuomba kazi, wanarudi mikono mitupu.

Mmoja wetu alipanda pikipiki mpaka kwenye biro moja iliyotafuta mutu wa kutengeneza programu ya kuhesabu stoki. Tangazo lilisema: kijana anayeanza, mwenye uzoefu wa miaka mitano. Wandugu, anayeanza ataitoa wapi hiyo miaka mitano? Akaenda tu. Wakamupa karatasi na biki, aandike programu kwa mukono. Kisha wakamuuliza baba yake ni nani, na kabila lake ni gani. Mwisho wakasema: rudi nyumbani, tengeneza programu nzima, utuletee kisha wiki mbili, ndilo jaribio. Akakopa pesa ya umeme na ya intaneti, akaimaliza, akapeleka. Simu haikulia. Baadaye tukasikia programu yake inatumika mule ndani. Hata franga moja hakupata.

Hilo si jaribio. Ni kazi bila mushahara.

Katiba yetu ya 18 Februari 2006, katika artikli ya 36, inasema kazi ni haki na wajibu mutakatifu wa kila Mukongomani, na malipo yawe ya haki. Sheria ya kazi ya 2002 inaruhusu kumujaribu mufanyakazi, lakini ndani ya mukataba na kwa muda wenye mwisho. Anayejaribiwa ni mufanyakazi, analipwa.

Musifikiri taabu hii ni ya Fizi peke yake. Kampuni ya Andela ilianza Lagos mwaka 2014, ikafika Nairobi, Kampala na Kigali. Ilichagua vijana, ikawafundisha huku inawalipa, kisha wakafanyia kazi makampuni ya ngambo. Septemba 2019 ikaachisha kazi mamia ya wale wanaoanza, ikisema wateja wanataka wenye uzoefu zaidi. Ni vile vile kila pahali: wote wanataka chakula kilichokwisha kuiva, hakuna anayetaka kuwasha moto. Kama leo hakuna anayepokea wanaoanza, wenye uzoefu wa kesho watatoka wapi?

Hapa ziwani tunajua njia ingine. Mwenye mutumbwi hamuulizi kijana vyeti. Anamupakia usiku mumoja, anaangalia anavyovuta wavu, anavyosikia akiambiwa. Asubuhi anamupa fungu lake la ndakala, hata kama hatamuita tena.

Kwa hiyo, ninyi wenye kutoa kazi, tunawaomba hivi:

Moja. Mupime kwa mashini, si kwa karatasi. Mupeni kijana programu ndogo yenye kosa, saa moja au mbili, na intaneti, kwa sababu hata wakubwa wa kazi hii wanatafuta majibu huko. Mumuangalie anavyolitafuta kosa, na anavyouliza akikwama. Anayeanza hapimwi kwa anayoyajua yote, anapimwa kwa anavyojifunza.

Mbili. Jaribio likipita nusu siku, lilipwe.

Tatu. Musiulize kabila. Musimuulize dada yetu kama ataolewa karibuni.

Ine. Mujibu. Hata "hapana" ni jibu, na mukisema sababu, mumetufundisha.

Tano. Mukiandika "anayeanza", mufute ile miaka mitano, na mumuweke karibu na mutu wa kumuongoza.

Na sisi vijana tuko na yetu. Tusidanganye kwenye CV. Tuweke akiba ya kazi zetu, hata ndogo: programu ya kuhesabu deni za duka la mama ni kazi, ionyeshe. Mukiombwa programu nzima kama jaribio, muulize kwanza, kwa maandishi, itakuwa ya nani. Muionyeshe kwenye mashini yenu, musiache kopi. Na yule anayetoa pesa ili jina lake lipande kwenye orodha, ajue anamufungia mwenzake mulango.

Hatuombi huruma. Tunaomba mutuone tukifanya kazi, ndipo museme ndiyo au hapana.

Jumamosi tutakaa pamoja, kila mumoja asome programu ya mwenzake na amuulize maswali kama kwenye mahojiano. Aliye na mashini aje nayo. Asiye nayo aje, tutagawana.

Sisi vijana wa Lweba.